Mama Chupa na Mafuta ya Alizeti

Ukimkaribisha Minza chai nyumbani kwako, ataangalia glasi kabla ya chai. Ataishika kitakoni, ataizungusha kwenye mwanga wa mlango, kisha ataigonga kwa ukucha mara moja na kusikiliza. Hapo wewe mwenyeji umeshaanza kujiuliza kama imeoshwa vizuri. Usijali, uchafu si shida yake. Anataka kujua imechanganywa nini.

Nimefanya naye kazi miaka tisa na swali hilo nimelisikia mpaka limenichosha. Kigae cha chooni, sahani ya kauri, chungu cha mboga, kioo cha dirisha la ofisi: kimechanganywa nini? Mimi ndiye mwalimu wa kemia, mwenye shahada kwenye fremu ukutani, na mara nyingi nilimjibu, "Mama, sijui, tufanye kazi." Sasa naandika habari zake kwa sababu nusura afukuzwe kazi kwa kosa langu, na mimi nikanyamaza kwa woga. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanipenda bure.

Minza ni mzaliwa wa Kwihara, kijiji ambacho wageni huja kuangalia tembe la makumbusho, ile nyumba ya kale ya udongo, wakapiga picha mbili tatu na kurudi Tabora mjini kula. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Shamba lao lilipakana na njia ya zamani ya misafara, na kila msimu jembe lilifukua vitu: vigae vya vyungu, shanga za kioo, mara mojamoja kipande cheupe cha sahani iliyotoka mbali. Kazi ya Minza utotoni ilikuwa kuvichambua. Shanga alizitunga akavaa. Vigae viliingia kwenye kinu, vikatwangwa mpaka vikawa chenga, vikachanganywa na udongo mpya, maana udongo mtupu husinyaa vibaya ukikauka na chungu chake hupasuka motoni. Chenga zilizokwisha kuuona moto hazisinyai tena, kwa hiyo huutuliza udongo mgeni. Vipande vyeupe mama yake alivitupa. Alisema hajui vilichanganywa nini, na asichokijua hakitii kwenye chungu cha mtu.

Shuleni kwetu, nje ya mji kwa upande wa Kipalapala, Minza alikuja kufagia. Miaka ishirini na miwili iliyopita mhudumu wa maabara aliacha kazi ghafla, na mkuu wa shule wa wakati huo akamwambia Minza aoshe vyombo kwa wiki mbili tu mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana, na hizo wiki mbili ndizo zinazoendelea hadi leo. Wanafunzi walimbandika jina la Mama Chupa. Aliposikia mara ya kwanza aliwauliza kama mama zao wanaitwa Mama Sufuria, wakacheka, na jina likakaa.

Aliosha vyombo vya maabara kama alivyofundishwa kwao: majivu na mchanga laini. Na viling'aa, usiseme. Bika zetu, yaani zile glasi za maabara zenye mdomo wa kumiminia na namba za ujazo ubavuni, ziling'aa kuliko siku zilipotoka kiwandani. Ila namba zilikuwa zinafutika. Kila mwaka alama zilififia kidogo, na mimi niliona, nikasema aah, wanafunzi watakadiria.

Sasa njoo kwenye kosa langu. Mwaka juzi tuliagiza bika mpya na hazikuja. Mitihani ya vitendo ilikaribia. Nikaenda mjini, kwenye duka la vyombo la mzee Fakhrudin, na pale juu ya rafu nikaziona: dazeni nzima, umbo lilelile, mdomo uleule, namba nyeupe ubavuni. Nikazibeba. Mkuu wa shule, Madam Julieth, alinisifu mbele ya wanafunzi wote asubuhi, kwamba huyu ndiye mwalimu asiyesubiri kuletewa. Nilitembea wiki nzima kichwa juu. Minza alizipokea, akazigonga, akaniuliza zimechanganywa nini. Nikamwambia bika ni bika.

Baada ya mwaka mmoja wa majivu, namba zangu nyeupe zilikuwa zimefutika kabisa. Zangu na za zamani zikawa sawa kabatini, na hata mimi nisingeweza kuzitenganisha.

Mwezi wa pili mwaka huu, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeitwa Ezekia alikuwa anachemsha maji juu ya taa ya spiriti. Yalipochemka aliinua bika kwa koleo akaiweka juu ya meza ya saruji, mahali palipokuwa na maji yamemwagika. Ikapasuka kwa kishindo. Maji ya moto yakamwagikia mkono wake wa kushoto, kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Minza ndiye aliyemkimbiza kwenye bomba na kumshikilia pale chini ya maji ya baridi, huku mtoto analia na mimi nimesimama nikiwa na chaki mkononi. Hospitali walimfunga bendeji, baada ya mwezi akapona, alama ikabaki.

Jioni ile niliandika ripoti. Niliandika kwamba bika ilikuwa na ufa wa zamani ambao mhudumu wa maabara alipaswa kuuona wakati wa kuosha. Mimi ufa sikuuona. Niliuandika. Ripoti inataka sababu, na sababu niliyoipata haraka ilikuwa mtu ambaye hana cheti.

Minza akapewa barua ya kujieleza. Mwingine angejaza kurasa tatu, angeapa, angeanza na miaka yake ya utumishi. Yeye aliandika kwa mkono, kwa herufi kubwa: "Bika haikuwa na ufa. Niliiosha mwenyewe." Akatia saini.

Bodi ya shule haikuridhika. Maabara ikafungwa kwa kufuli, ufunguo nikabaki nao mimi, na vitendo vikawa vinafundishwa ubaoni kwa michoro. Minza akarudishwa kwenye ufagio wa uwanjani. Mkataba wake ungejadiliwa kwenye kikao cha mwezi wa tano, na hapakuwa na mtu asiyejua maana ya kujadiliwa. Lakini kilichomuumiza zaidi hakikuwa mkataba. Kwihara walikuwa wanasema kwamba Minza amemuunguza mtoto wa watu. Kisimani wanawake waliacha mazungumzo akifika. Alinieleza hilo siku moja tukiwa tumesimama karibu na bendera, bila kulalamika, huku anakusanya majani, na mimi nikamwambia pole kwa sauti ya mtu asiyehusika. Nikikumbuka pole ile natamani kujificha.

Aliyeokoa mambo ni Zuwena, wifi yake, naye hakukusudia kuokoa chochote. Zuwena anauza mafuta ya alizeti hapohapo Kwihara. Analeta ndoo kutoka mashine ya kukamua, anayachuja kwa kitambaa, na anapima kwa vipimo viwili: glasi ya chai kwa wateja wa kawaida, na bika ndogo kuukuu, iliyomeguka mdomo, ambayo Minza aliiokota kwenye shimo la takataka la shule, kwa wateja wa kipimo kidogo. Asubuhi moja vyote viwili vilimtumbukia ndani ya ndoo. Glasi ya chai aliiona imelala chini, akaitoa. Bika hakuiona.

"Nikachungulia," Zuwena aliniambia baadaye. "Mafuta meupe, safi, mpaka kitako cha ndoo nakiona. Bika hamna. Nikamwambia wifi, kama ulikuwa unataka chombo chako ungeomba tu, si kuja kukiiba nikiwa nimegeuka."

Minza alijibu kwamba yeye alikuwa anafagia ua, ameiba saa ngapi. Wakabishana. Wifi hawa wawili wakibishana, mteja hurudi baadaye. Mwishowe Minza akakunja mkono wa gauni, akautia ndani ya ndoo, akapapasa, na akaibuka na bika. Zuwena akasema huo sasa ni uchawi wa shuleni kwenu. Minza aliirudisha bika ndani, ikapotea. Akaitoa, ikaonekana. Akatia glasi ya chai, ikabaki inaonekana, ukingo wote. Alifanya hivyo mpaka Zuwena akamnyang'anya ndoo.

Siku tatu hakulala vizuri. Siku ya nne, Jumamosi asubuhi, akafika mlangoni kwangu na baiskeli, kidumu cha mafuta kimefungwa nyuma kwa mpira.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umeamkaje? Niazime ufunguo."

"Wa maabara? Mama, unajua bodi imekataza."

"Bodi imekataza wanafunzi. Mimi si mwanafunzi, na wewe si mwanafunzi. Twende."

Nikaenda. Kusema kweli nilienda kwa sababu sikuwa na uso wa kumkatalia.

Maabara ilinuka vumbi. Minza alifuta meza, akachukua beseni la kioo, akamimina mafuta. Akatoa bika ya kwanza kabatini na kuizamisha taratibu. Nikaona kitako kinayeyuka, halafu kiuno, halafu mdomo, mpaka vikabaki vidole vyake tu vikiwa vimeshika kitu kisichokuwepo. Bika moja ilikuwa imebakiwa na namba kidogo, na ilipozama namba zile zikawa zinaelea peke yake ndani ya mafuta, mia moja, mia na hamsini, bila chombo. Nilicheka kwa mshangao. Akazamisha nyingine. Ile ikakaa pale inaonekana wazi.

"Zimechanganywa nini?" akaniuliza.

Safari hii nilijibu. Niliketi kwenye stuli ya mwanafunzi nikamfundisha, somo ambalo nilipaswa kumfundisha miaka tisa iliyopita. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Mchanga peke yake hutoa kioo kigumu kisichojali moto, lakini kuuyeyusha kunataka joto kali ambalo tanuru nyingi haziliwezi. Kwa hiyo huongezwa magadi, ili uyeyuke mapema, na chokaa, ili kioo kisije kikalegezwa na maji. Hiyo ndiyo glasi ya chai, chupa ya soda na dirisha. Kasoro yake ni kwamba ikipata joto hutanuka sana. Ukiipoza upande mmoja ghafla, upande huo husinyaa huku upande wa pili bado umetanuka, pande hizo zinavutana, glasi inapasuka. Kioo cha maabara hupunguziwa magadi na chokaa, kikatiwa boroni. Hicho hutanuka karibu theluthi tu ya kile cha kawaida, ndiyo maana kinahimili moto.

"Kama maharage," Minza alisema. "Ukitia magadi yanaiva upesi. Ukizidisha, yanapondeka."

"Ndiyo. Karibu hivyo."

"Na boroni ndiyo chenga za mama."

Nilitaka kumsahihisha, maana chenga hubaki punje ndani ya udongo, na boroni huyeyuka ikawa kioo chenyewe. Nikamweleza hivyo. Akatikisa kichwa, akasema kazi ni ileile, kukituliza chombo motoni.

Na kupotea kwenye mafuta? Jicho huona kioo kwa sababu mwanga ukifika kwenye ukingo wake hupinda, na mwingine hurudi. Kila mchanganyiko hupindisha mwanga kwa kadiri yake. Ikatokea kwamba alizeti na kioo cha boroni vinaupitisha mwanga karibu kwa mwendo mmoja, basi kwenye ukingo hakuna kupinda wala kurudi, na jicho halioni kioo kinapoanzia. Glasi ya chai haipatani na alizeti, kwa hiyo inaonekana. Nilipomaliza kueleza nilihisi furaha ambayo sikuwa nimeihisi ubaoni kwa muda mrefu.

Tukazamisha vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka mchana. Bika ishirini na sita zilipotea. Kumi na nne zilionekana. Tukatafuta uhakika kwa moto: tukachukua moja ya kila kundi, tukachemshia maji, tukasimamisha ubao wa mbao mbele yetu, na kwa koleo refu nikaziweka juu ya saruji iliyolowa. Ile iliyopotea kwenye mafuta ilitoa sauti ndogo ya mvuke, basi. Nyingine ilipasuka vipande vitatu. Minza akachukua ufagio mdogo akavikusanya, maana hawezi kuacha.

Nikahesabu zile kumi na nne, pamoja na iliyopasuka. Tatu zilikuwa ndogo kuliko zile za dazeni yangu, kwa hiyo ni za zamani, ambazo miaka yote tumechemshia maji kwa bahati tu. Zikabaki kumi na moja. Kumi na moja. Nilinunua dazeni. Nilizihesabu tena kuanzia ya kwanza.

Minza alikuwa ananiangalia. "Kosa langu lipo hapa," alisema. "Nilisugua alama zote kwa majivu. Zingebaki, tungezijua. Hilo nalikubali mbele ya yeyote."

Kisha akafungua mkoba wake akatoa kopo la maziwa ya unga, lile la bati, mfuniko umefungwa kwa kamba. Akaliweka mezani mbele yangu.

"Hivi ni vipande vya ile ya Ezekia. Nilivikusanya siku ileile. Sijavitia kwenye mafuta."

"Kwa nini hujavitia?"

"Ripoti uliandika wewe, Mwalimu. Tia wewe."

Akachukua baiskeli yake akaondoka. Aliniachia na kidumu.

Nilikaa na lile kopo muda mrefu. Nilijua, jamani, nani asingejua. Lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Nikachukua kipande kikubwa, sehemu ya mdomo, nikakidondosha. Kilishuka polepole mpaka chini ya beseni na kikatulia pale, kila ukingo unang'aa. Nikatia kingine. Nikatia vyote.

Sitajifanya shujaa. Wazo langu la kwanza lilikuwa kumtafuta mwingine wa kulaumu, na Jumatatu nikaenda mjini dukani kwa mzee Fakhrudin, nikiwa nimejiandaa kugomba. Mzee alikuwa nyuma ya meza yake anakunywa chai, akanikaribisha kiti.

"Mzee, zile bika ulizoniuzia zimenipasukia. Mtoto ameungua."

Akaweka kikombe chini. "Mtoto gani? Anaendeleaje?"

Nikamwambia amepona. Akashukuru Mungu, kisha akanitazama kwa juu ya miwani. "Mwalimu, zile ni glasi za juisi. Wenye migahawa wanazipenda, eti zinafanana na za daktari. Nilikuuliza, unataka za kuchemshia au za kunywea? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimjibu bika ni bika.

"Ningekuwa na za moto ningekuuzia," alisema kwa upole. "Sikuwa nazo. Wewe ulikuwa na haraka."

Akaniagizia chai. Nilikunywa yote, na glasi ilikuwa ya kawaida, yenye kijiko ndani kama kila mtu anavyofanya ili isipasuke kwa chai ya moto. Maisha yangu yote nimetia kijiko kwenye glasi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kikao cha bodi kilikuwa Alhamisi. Jumanne na Jumatano nilitunga hotuba ambazo zilizunguka: changamoto za vifaa, ucheleweshaji wa oda, mazingira. Maneno mazuri sana, na hakuna hata moja lenye jina langu. Usiku sikula. Mke wangu aliniuliza naumwa nini, nikamwambia naumwa ripoti.

Alhamisi niliingia na beseni, kidumu na lile kopo. Wajumbe walikuwa saba, mwenyekiti ni mama mmoja muuguzi mstaafu ambaye hapendi maneno mengi. Minza aliitwa akakaa karibu na mlango, amevaa gauni lake la kanisani, mikono mapajani. Madam Julieth akauliza yale mafuta ni ya nini, kama tunakaanga.

Nikamimina. Nikazamisha bika ya zamani, ikapotea, na mjumbe mmoja akasimama ili aone vizuri. Nikazamisha moja ya zile nilizonunua, ikabaki inaonekana. Nikaeleza magadi, chokaa na boroni, na kwamba isiyopotea tusiitie motoni. Mwenyekiti akasema, "Endelea."

Nikafungua kopo. Nikadondosha vipande vya bika ya Ezekia, na wote wakainama kuangalia, vichwa karibu vigongane. Vipande vilikaa chini ya mafuta vinaonekana kama mchana.

"Hii haikuwa bika ya maabara," nilisema. "Ilikuwa glasi ya juisi. Niliinunua mimi, muuzaji akanitahadharisha, sikumsikiliza. Haikuwa na ufa. Ufa niliuandika mimi kwenye ripoti. Mama Minza aliniuliza siku ya kwanza imechanganywa nini, nikampuuza."

Sijui kama walinionea huruma au walinikasirikia. Minza akasimama pale mlangoni akasema na yeye alisugua alama kwa majivu, na kuanzia sasa ataosha kwa sabuni na kitambaa. Mwenyekiti akamwambia akae, akae tu Mama, hilo limesikika.

Walitutoa nje wakajadiliana. Tulisimama kwenye veranda, mimi na yeye. Baadaye kidogo nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akasema, "Nimekusikia kule ndani." Nikaelewa kwamba hilo ndilo jibu, na kwamba halikuwa dogo.

Uamuzi ulisomwa mchana huo. Mkataba wa Minza umeongezwa, kufuli litolewe Jumatatu, na tangazo lisomwe mbele ya shule nzima na kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji Kwihara kwamba ajali haikutokana na mhudumu. Hilo la Kwihara aliliomba mwenyekiti mwenyewe, nami nikalipeleka kwa mkono wangu. Zuwena aliposoma aligonga ndoo yake ya mafuta kama ngoma na kuwaita wanawake wa kisimani mmoja mmoja. Kisha akadai mafuta yake, na nilipomrudishia kidumu akanusa, akasema yananuka shule, akamuuzia mteja anayetaka ya kuwashia taa.

Na mimi nikapewa barua ya kujieleza. Siku saba.

Jumatatu Minza alipanga kabati upya kabla ya kengele. Rafu ya juu alibandika karatasi yenye maandishi ZA MOTO. Rafu ya chini, ZA BARIDI. Nilidhani glasi zangu za juisi atazitupa kwenye shimo. Zilikuwa pale chini, kumi kamili, zimeoshwa kwa sabuni.

"Mbona umeziacha?"

"Zina kazi. Za kupimia maji, za kuwekea chumvi. Hazina kosa, zilitiwa tu mahali pasipo pake."

Kidato cha tatu wakaingia. Ezekia alikaa nyuma kabisa, mkono wa kushoto mfukoni. Minza hakumwita. Alichemsha maji mwenyewe kwenye bika ya rafu ya juu, akatandaza maji ya baridi juu ya saruji kwa kiganja, akainua bika kwa koleo na kuiweka palepale. Mvuke ukatoka, watoto wote wakarudi nyuma. Bika ikakaa. Akairudisha motoni, akarudia mara ya pili, na mara ya tatu. Kwenye mara ya tatu Ezekia alikuwa ameshafika meza ya mbele, na mkono umetoka mfukoni.

"Mama, hiyo imechanganywa nini?" akauliza.

Minza akanitazama mimi. Nikashika chaki.

Baada ya kipindi nilibaki maabara kuandika barua yangu, na yeye alikuwa anaosha vyombo. Nilikuwa na karatasi nne za fulskapu na kichwa kimejaa zile hotuba za Jumanne. Nikaandika kwa herufi kubwa: "Bika haikuwa na ufa. Niliinunua mwenyewe." Nikatia saini, nikamsogezea asome. Alifuta mikono kwanza, akasoma taratibu, kidole kikifuata maneno, akanirudishia.

"Imetosha," alisema. "Peleka."